Nemo, babake na ngeli ya A-WA

Finding Nemo, filamu ya katuni ya Pixar iliyotoka 2003, ni kisa kitamu. Mama anauawa, mayai yote yanaangamia isipokuwa moja, kisha Marlin, baba mtu, anavuka bahari ya Australia kumtafuta mwanawe.

Filamu haikukosea kote. Samaki hawa kweli huishi katikati ya minyiri inayochoma ya kiumbe mwingine wa bahari, na dume ndiye hasa huyapepea na kuyalinda mayai. Lakini imefumbia macho jambo kubwa: hakuna anayeanza maisha akiwa jike. Mkubwa wa kundi ndiye jike. Akifa, mumewe hugeuka jike, na anayefuata kwa ukubwa hukomaa kuwa dume. Kumbe Marlin angekuwa mama!

Sidai katuni iwe kitabu cha shule. Hoja yangu ni ya lugha. Kiingereza humbana msimulizi achague kiwakilishi cha kiume au cha kike. Kiswahili wala! Katika ngeli ya A-WA, "yeye" ni yeye, na "anaogelea" haifichui jinsia. Mtunzi wetu angemfuata Marlin kutoka udume hadi ujike bila kubadilisha kiambishi hata kimoja. Neno la kuchunga ni "baba" tu.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Samaki huyu, ambaye jamaa zake wamo kwenye matumbawe ya Watamu, anawasuta. Waandishi wa vitabu vya watoto, kazi kwenu.