Kiwavi, au Sifa za Mtunga Kamusi

Aliyewahi kuangukiwa na kiwavi shingoni akipalilia mihogo hahitaji kusimuliwa. Mdudu mwenyewe hana uzito. Ukimpangusa ndipo umejimaliza: vinyweleo vyake hubaki shingoni, na kiganjani pia. Bibi yangu hakuwa na dawa ya duka. Alivua kilemba, akainama, akanisugua kwa nywele zake mpaka vikang'oka. "Usijikune, mjukuu wangu, utavizamisha."

Kwa nini aitwe kiwavi? Jibu nililipata ukubwani, ndani ya kamusi, mbali na herufi K. Kule kwenye W, kati ya wavu na waya, kimejibanza kitenzi ambacho wengi wetu hatukitamki tena: wawa, yaani kuwasha mwilini. Sasa tega sikio. Pika huzaa mpishi, penda huzaa mpenzi, lewa huzaa mlevi. Ile i ya mwisho huibana konsonanti iliyo mbele yake hata ikageuka. Kwa kanuni hiyohiyo, wawa huzaa kiwavi: kile kiwashacho.

Wazee, basi, hawakumtazama manyoya wala mwendo. Walimwita kwa walichokisikia ngozini. Ndiyo maana jina hilo lilienea hadi kwenye mmea wenye majani yawashayo. Wazulu, mbali huko kusini, mmea wa namna hiyo huuita imbabazane. Penye w yetu, wao wana b.

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipotafuna mahindi Kenya na Tanzania, jina lao lilikuwa tayari, ingawa hao hawawashi. Neno lilikwisha kuacha mwasho wake njiani, na sisi hatukugundua.

Mtunga kamusi ndiye hugundua. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifariki mwaka 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka London mwaka uliofuata bila yeye kuishika mkononi. Wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) walitoa ya kwao mwaka 1981. Kazi ni ileile: kuliandika hata neno ambalo hakuna aliyeliulizia, kwa kuwa huenda ndilo mama wa neno tunalolitumia kila siku.

Bibi aliving'oa vinyweleo kimoja kimoja ili nisiwashwe. Mtunga kamusi, kwa subira hiyohiyo, huvirudisha kimoja kimoja, na jina likaanza kuwasha upya.