Walimu wa Samora

Miongoni mwa kazi zitakazo subira na kulipwa shukrani haba, ualimu wa kandanda mikoani unastahiki kutajwa mwanzo. Kwani mwalimu wa klabu kama Lipuli ya Iringa, licha ya kukosa mali ya kushindana na matajiri wa Dar es Salaam, hufundisha mbele ya mashabiki ambao, tangu Kihesa hata Ipogolo, kila mmoja amekwisha panga kikosi chake kichwani.

Lipuli iliporejea Ligi Kuu, msimu wa 2017/18, hatamu zilishikwa na Amri Said. Kisha akaja Selemani Matola, aliyepata kuwa nahodha wa Simba, naye ndiye aliyewafunga Yanga mabao 2-0 katika uwanja wa Samora, Mei 2019, kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, siku ambayo watu wa Iringa wataihadithia kwa wajukuu. Fainali, huko Lindi, Azam walishinda kwa bao moja tu.

Jirani zetu wa Mbeya nao wana haki ya kujifaharisha kwa Juma Mwambusi, ambaye Mbeya City yake, ikiwa ngeni kabisa katika ligi ya 2013/14, ilishika nafasi ya tatu, Simba ikiwa nyuma yake.

Baadaye Yanga walimchukua Mwambusi, na Simba wakamchukua Matola, wote wawili wawe wasaidizi wa makocha wa Kizungu: cheo ambacho, kwa rai yangu, kilikuwa kidogo kuliko stahili yao.