Jembe na Bunduki: Kuusoma Utenzi wa Vita vya Uhuru Tukiwa Nakivubo

Mvua za masika, ambazo kwa Luganda huitwa ttoggo, huanza mwezi Machi. Katika bonde la Nakivubo, kandokando ya mfereji unaopeleka maji ya Kampala hadi Ziwa Viktoria, wakulima hupanda miwa na magimbi palipokuwa na mafunjo. Kando ya mfereji huohuo, katikati ya jiji, upo uwanja wa mpira uliopewa jina la kumbukumbu ya vita, kuwaenzi askari wa Uganda waliokufa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tangu ujengwe upya, wengi huuita Hamz. Jembe na kumbukumbu ya vita ni majirani hapa, na ujirani huo unatuongoza kuuhakiki Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert.

Utenzi huu mrefu ulichapishwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kifo cha mtunzi, nao unasimulia vita vya 1939 hadi 1945. Kifani, umefaulu. Bahari ya utenzi, iliyozoea kubeba vita vya zama za Mtume, hapa inabeba vita vya Hitler na Mussolini bila kuacha vina na mizani. Anayedai kuwa Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya dunia nzima ausome kwanza.

Kimaudhui tuna lalamiko. Uzito wa masimulizi umewekwa kwa mataifa, majeshi na viongozi, ilhali vita huingia hata shambani. Japani ilipoteka nchi za mpira wa Asia mwaka 1942, watu wa Tanganyika walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya mpira na mkonge. Uhaba wa mafuta ya kula Uingereza baada ya vita ndio ulioleta mradi mkubwa wa karanga wa Kongwa mwaka 1947, ulioachwa mwaka 1951. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini bado vilikuwa vikiamua kipandwe nini na nani.

Kwetu Uganda vita viliigusa lugha yenyewe. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la King's African Rifles, kisha ya kambi za Idi Amin. Wazee wengi walikisikia kwanza kama amri. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Je, mtoto atakayeanza somo hilo atarithi lugha ya amri tu?

Wapo walimu wenzetu wanaoona heri tungo za vita ziondolewe darasani. Hatukubaliani nao, kwani kuficha historia hakuifuti. Tunapendekeza utenzi huu usomwe, kisha wanafunzi waulizwe: nani alilima wakati huo, na alikula nini? Watunge beti zao kwa maneno ya kutifua, kupanda, kupalilia na kuvuna. Wajue pia kuwa gimbi la Kiswahili ndilo jjuni la Luganda na nduma ya sokoni Nairobi. Mwanafunzi anayeweza kumsalimu mkulima wa Nakivubo na kumwuliza habari za magimbi yake atakuwa amekipokea Kiswahili kama lugha ya jirani.