Rangi ya Land Rover Kuukuu: Anza Kuitazama Chini

Gari likitoka kupakwa rangi, wengi hukimbilia boneti, kwa sababu ndiyo inayong'aa. Kwa Land Rover za zamani, zile za Series ambazo bado hupandisha vilima vya Nkubu, Chuka na Runyenjes, boneti iache hadi mwisho. Chuchumaa kwanza, ufungue mlango, utazame ukingo wake wa chini, pale bati la nje lilipokunjwa kuukumbatia mhimili wa ndani. Fundi aliyepashughulikia hapo vizuri, kwingine nako utamwamini.

Mahali hapo metali mbili hukutana. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilifanywa ya aloi ya alumini. Lakini chasisi, mihimili ya milango na ukuta ulio kati ya injini na dereva vilibaki kuwa vya chuma. Mpango huo haukubadilika sana hata magari hayo yalipokuja kuunganishwa kwetu Kenya, katika kiwanda cha Leyland kule Thika. Maji yakikaa kati ya chuma na alumini, alumini ndiyo inayoliwa. Haitoi kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe, na unga huo huisukuma rangi juu mpaka ikafanya malengelenge. Sasa fikiria matope mekundu ya Embu na Meru yaliyojishindilia kwenye kila mkunjo, yakihifadhi unyevu siku kadhaa baada ya mvua kuanuka. Malengelenge madogo yaliyojipanga mstari mmoja juu ya ukingo wa mlango ni ushahidi kwamba rangi mpya ilipakwa juu ya ugonjwa wa zamani.

Baada ya hapo, gonga. Sumaku ambayo wanunuzi wa magari hutembea nayo itakusaidia kwenye sehemu za chuma tu; kwenye alumini haishiki kabisa, kuwe na filla ya kujazia vibonyeo au kusiwe. Tumia kifundo cha kidole. Bati tupu hulia; penye filla nene sauti hufa. Filla kidogo si kosa, ila ikizidi, gari likitikiswa na barabara za mashambani, itapasuka. Mimi naipenda zaidi bodi iliyonyooshwa kwa nyundo na kuachiwa vibonyeo vichache kuliko ile iliyolainishwa kama sahani. Riveti na alama za kulehemu zilikuwapo tangu kiwandani, na zikifukiwa, gari limepoteza sura yake.

Kazi kubwa, hata hivyo, hufanyika kabla ya rangi. Alumini ikikwanguliwa hujifunika upya mara moja kwa utando mwembamba usioonekana, na rangi ya kawaida haiushiki utando huo. Ndiyo sababu hutakiwa praima ya asidi, mkono mmoja mwembamba kiasi cha kuona bati kwa chini, kisha praima ya kujaza juu yake. Ukiweza kuingiza kucha chini ya rangi kwenye tundu la skrubu, ikabanduka kipande kizima na kuacha bati safi linalong'aa, ujue hatua hiyo ilirukwa. Muulize fundi pia aliondoaje rangi ya zamani. Akisema magadi ya kuoshea mifereji, ondoka, kwa maana magadi hayo huila alumini. Akisema brashi ya waya wa chuma, tazama kwa makini zaidi, kwani chembe za chuma hubaki ndani ya bati na baadaye huchipua vidoa vya kutu. Rangi kuukuu huenda ina risasi. Kwa hiyo gereji inayopiga msasa kwa maji, mafundi wamevaa barakoa, naipa alama hata kabla sijaliona gari.

Msimu nao una neno lake. Julai, ukungu unapoushukia mji wa Embu kutoka Mlima Kenya na jua likajificha, rangi ya selulosi iliyopulizwa nje huvuta unyevu ikakauka na weupe kama maziwa, hasa kwenye rangi nyeusi na kijani kibichi. Ukiuona weupe huo, usikubali ufichwe kwa polishi. Uso upigwe msasa, upulizwe tena siku kavu.

Paa ndilo husahaulika zaidi, nalo ndilo linaloteseka. Ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji wa Meru, na jua la huku hupiga kutoka utosini. Kwa gari lililopakwa miaka michache iliyopita, pitisha kiganja juu ya paa: kikitoka na vumbi la rangi, rangi ilikuwa dhaifu au ilipakwa nyembamba mno. Paa jeupe hudumu vizuri, na waliolala ndani ya gari kule mbugani wanajua jinsi linavyopunguza joto.

Ikiwa gari ni lako, panga kufika gereji siku ya praima, kabla rangi yenyewe haijapulizwa. Siku hiyo kila mkunjo, kila filla na kila riveti vitakuwa wazi. Mwambie fundi mapema kwamba sehemu ya pesa utailipa siku hiyo, ukishakagua, na mlango uwe umeng'olewa.