Chembe Ndani ya Jabali

Kila nipitapo Adungosi, katika njia ya Busia na Malaba, ambako malori ya mafuta huandamana yakielekea Uganda, macho yangu huyaacha malori yakatua juu ya kisima cha pampu, kwa kuwa nchi ya Wateso ina majabali chini ya udongo wake, na jabali halitoi maji ila kwa nyufa alizozitia Muumba. Mchimbaji huzitafuta, akizikosa, hurudi mikono mitupu. Hapo mimi huwakumbuka kwa taadhima mafundi ambao, walipozikosa nyufa, walizitia wao.

Nawanena wahandisi wa gesi katika jangwa la Omani, nchi yenye jamaa zetu wengi wasemao Kiswahili. Gesi ya Songo Songo, Tanzania, iliyogunduliwa mwaka 1974, hububujika yenyewe kisima kifunguliwapo. Ya Khazzan, huko Omani, imo katika mwamba mgumu, kina chake hadi kilomita 5, nayo ni mfungwa asiyeweza kutoka hata mlango ukiwa wazi. Upenyezi wa mwamba hupimwa kwa dasi, kwa jina la Henry Darcy, Mfaransa aliyeandika mwaka 1856 jinsi maji yapitavyo mchangani. Na mwamba wa namna hii aghalabu haufikii sehemu moja katika elfu kumi ya kipimo hicho.

Dawa yake, iliyojaribiwa Kansas, Marekani, mwaka 1947, ni kusukuma majimaji kisimani kwa kani kubwa hata mwamba upasuke. Lakini kupasua pekee si hikima, maana radi nayo hupasua. Hikima ni kujua ufa utaelekea wapi, kwani hufunguka pale ardhi inapobana kidogo kuliko pande nyingine zote, na fundi hulikadiria hilo bila kupaona, kwa vipimo vya kisimani na kipande cha mwamba kilichopandishwa juu. Kazi hii hunywa maji mengi, na jangwani jambo hilo si dogo. Nami nitokaye penye foleni za madumu siwezi kulipita kimya.

Pampu zizimwapo, ardhi hutaka kujifumba. Kinachoizuia ni chembe za mchanga, au za kauri pale ambapo mchanga ungesagika kwa uzito, zilizochukuliwa na majimaji yale zikabaki ndani ya ufa. Tangu mwaka 2017 gesi ya Khazzan imekuwa ikipanda kwa kupita baina ya chembe hizo, ambazo hakuna jicho litakaloziona tena, nazo zimebeba jangwa lote lililo juu yake.