Sirumu inayongojwa: saa ya kwanza ya malaria kali

Mvua zikishaanza Lubumbashi, mtoto wa Katuba anayefikishwa hospitali usiku na homa na degedege huhesabiwa kuwa na malaria mpaka vipimo vikatae. Ndugu zake hutaka kuona sirumu imetundikwa. Munganga wa dharura huanza kwingine: humlaza ubavu, husafisha njia ya hewa, kisha humchoma kidole apime malaria, sukari na wingi wa damu.

Sukari ndiyo inayosahaulika. Mtoto iliyemwishia hupoteza fahamu sawasawa na mwenye malaria ya kichwani, na dawa ya malaria peke yake haitamwamsha. Akiwa na kilo 10, mililita 50 za glukosi ya 10% zaweza kumfungua macho nesi akiwa bado ameshika bomba la sindano.

Ndipo huja artesunate. Unga wa miligramu 60 huyeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti, ukatikiswa mpaka uwe angavu, zikaongezwa mililita 5 za maji ya chumvi. Mtoto wetu hupata nusu yake, miligramu 30, kisha tena baada ya saa 12 na saa 24. Utafiti wa AQUAMAT wa 2010, uliofanyika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo, ulionyesha dawa hii ikishusha vifo vya watoto kutoka 10.9% ya waliopewa kwinini hadi 8.5%.

Na ile sirumu? Mwaka 2011 Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake walitoa matokeo ya FEAST, utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ya 10 kwa kila 100 ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7. Wengi hawakuuawa na mapafu kujaa maji, kama ilivyodhaniwa, bali na mzunguko wa damu uliogoma. Vitabu vilikuwa vimefundisha kinyume miaka na miaka, tena kwa mazoea ya hospitali zenye mashine za kupumulia.

Aliyekaushwa na kuhara hayumo katika hesabu hiyo. Huyo maji ndiyo tiba yake. Aliyeishiwa damu anahitaji damu, na damu hutoka kwa watu. Kwa hiyo mzazi, usigombe kwa sababu sirumu haijatundikwa. Uliza kama sukari imepimwa, na kama damu inatakiwa, nyosha mkono utoe.