Kikomo au Mpinduko? Istilahi Mbili za Misitu

Maandishi ya Kiswahili juu ya mazingira yanazidi kuongezeka, na jambo hilo latufurahisha. Hata hivyo, tunapoyasoma tunakuta dhana mbili ambazo istilahi zake hutumiwa ovyo, na kosa hilo linagusa uhai wa misitu yenyewe.

Dhana ya kwanza huitwa "ustahimilivu". Neno hili limebebeshwa maana mbili: kutoyumba, au kurudi upesi katika hali ya awali, na kuyumba bila kugeuka kuwa kitu kingine. Mtaalamu wa ekolojia C. S. Holling alizitenga maana hizo mwaka 1973. Baharia hahitaji kufundishwa tofauti yake: chombo chaweza kwenda mrama safari nzima kisipinduke, na kingine kikatulia tuli hadi wimbi moja likifudikize. Twapendekeza maana ya kwanza iitwe "uthabiti", na "ustahimilivu" ubaki kwa ya pili. Msitu unaoonekana thabiti waweza kuwa umekwisha poteza ustahimilivu wake.

Dhana ya pili ni pale msitu unapogeuka, usirudi hata kisababishi kikipungua. Wako waitao "kizingiti". Lakini kwa msomaji wa magazeti kizingiti ni kikwazo, na kukivuka ni heri. Wengine huita "kikomo". Msomaji ataelewa kuwa hatari ni siku mti wa mwisho utakapoanguka. Sivyo. Msitu wa Amazon hujirudishia sehemu kubwa ya mvua kwa mvuke wa majani yake. Ndiyo maana Thomas Lovejoy na Carlos Nobre walionya mwaka 2018 kuwa sehemu kubwa ya msitu huo yaweza kugeuka ikishakatwa asilimia 20 hadi 25. Robo tatu ingali imesimama. Kikomo kiko wapi?

Hapa kwetu, uchunguzi wa Andreas Hemp uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa tangu mwaka 1976 moto umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro. Miti ya huko hunasa maji ya ukungu. Ikiungua, vichaka vinavyoshika nafasi yake hunasa machache na huwaka upesi, hivyo moto mmoja huandaa mwingine. Mlima uliungua tena mwaka 2020 na 2022. Asomaye "kikomo" atasema miti ingalipo. Asomaye "mpinduko" atauliza chombo kimelala kiasi gani.

Kwa hiyo twapendekeza "nukta ya mpinduko". Huenda wengine wakaona kuwa neno hilo lanukia siasa. Twajibu kuwa mapinduzi hufanywa na watu kwa kukusudia, ilhali mpinduko hutokea wenyewe, mara nyingi kwa kutojali kwetu. Wasomaji wenye neno lililo bora zaidi, hasa mabaharia na walinzi wa misitu, tunawaomba watuletee, mradi liwe neno linaloonya mapema.